Mzigo Wapita, Shimo Labaki

Mwezi wa Machi, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, sisi tukaao Mutuka tuliamshwa na ngurumo. Wengine walidhani ni radi, maana ilikuwa masika, na mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika mawingu tangu mchana. Wengine walidhani ni tetemeko la nchi, kwa kuwa vyombo vilitikisika kabatini na mbwa walibweka kila nyumba. Haikuwa radi wala tetemeko. Lilikuwa lori la tela refu la chini, lile ambalo madereva huliita lobodi, limebeba mtambo mkubwa wa kuchimbia. Lilikuwa limeacha njia kuu ya lami na kuingia katika njia yetu ya udongo, bila gari la kusindikiza, bila bendera nyekundu, bila hodi.

Kulipopambazuka tulikwenda kijitoni, tukaona yaliyotendeka. Kalavati letu lilikuwa limepasuka katikati, upande mmoja umezama majini, na nondo zimechomoza nje kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi. Kalavati hilo hatukupewa na mtu. Tulilijenga wenyewe kwa msaragambo: wanaume walisomba mawe, wanawake walichota mchanga na maji, watoto wa darasa la sita na la saba waliponda kokoto siku za Jumamosi. Saruji ilinunuliwa kwa mchango wa nyumba kwa nyumba, huyu fedha, huyu debe la mahindi, huyu kuku wawili. Fundi alilipwa nusu ya ujira wake, nusu nyingine alisamehe, kwa kuwa naye ana watoto ng'ambo ya kijito.

Mvua haikungoja. Kwa siku tisa watoto wa ng'ambo hawakufika shuleni, na wachache waliojaribu kuvuka tuliwarudisha wenyewe kwa ukali, maana afadhali mtoto akose somo kuliko mzazi akose mtoto. Siku ya tano mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa. Alivushwa juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa wanaume wanne, maji yakiwafika kiunoni. Alifika hospitali, akajifungua salama. Tunashukuru. Lakini wale wanaume wanne walituambia kwamba katikati ya kijito mmoja wao aliteleza, akasimama kwa goti, na kwa kitambo kidogo hakuna hata mmoja aliyeweza kusema neno.

Hatutamtaja mwenye lori. Mashitaka yana mahali pake, wala gazeti si baraza. Tena yeye si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Lililotufanya tushike kalamu ni maneno tuliyoyasikia pale kijitoni asubuhi ile. Babu yetu mmoja, mtu wa heshima, ambaye maneno yake huwa hatuyapuuzi, alitazama lile shimo akasema: "Acheni kunung'unika, wanangu. Hayo ni maendeleo yanapita. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na watu wengi, ambao mikono yao ilikuwa bado na sugu za mawe yale, wakatikisa vichwa kukubali.

Maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyapinga, na tunayapinga kwa heshima, kama mjukuu apingavyo babu yake.

Maendeleo yanapita. Yanapita yakienda wapi? Mtambo ule haukuja kutuchimbia kisima. Haukuja kutengeneza njia yetu. Ulikuwa ukienda kwa mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, nao ulipita kwetu kwa sababu moja tu: kwamba huku hakuna mizani wala askari. Mgeni aletaye uponyaji hubisha hodi mchana. Apitaye uani saa nane ya usiku ana jina lake katika kila lugha isemwayo hapa Babati, kwa Wairaqw, kwa Wagorowa, kwa Warangi, kwa Wabarbaig, wala jina hilo si mgeni.

Asidhani mtu kwamba tunachukia vitu vikubwa. Taa ituwezeshayo kusahihisha madaftari ya watoto usiku imetoka mbali, na njiani kuna transfoma ambazo mtu fulani alizichukua juu ya tela, polepole, mlima kwa mlima. Mji wetu wa Babati umekaa njia panda: njia moja yatoka Arusha, moja yatoka Singida, moja yatoka Dodoma na Kondoa. Hii ya Dodoma, kilomita 251, ilipofunguliwa rasmi kwa lami mwaka 2018, nasi tulishangilia, maana tulizijua siku ambazo basi lililala matopeni na abiria wakala muhogo mbichi wa shamba la mtu. Ni sehemu ya ile njia ndefu ambayo Waingereza waliiwazia itoke Cape Town mpaka Cairo. Njia panda hainung'uniki kwa kupitwa. Juu ya vichwa vyetu yapita njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400, itokayo Singida kwa Babati mpaka Arusha na Namanga, iliyotuunganisha na Wakenya mwishoni mwa mwaka 2024. Minara yake ya chuma haikuota kama mibuyu. Ilichukuliwa kwa malori.

Na mkoa wetu wa Manyara ni mmoja wa mikoa minane ambayo bomba la mafuta ghafi limepangiwa kupita, kutoka Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani karibu na Tanga. Urefu wake wote ni kilomita 1,443, na katika hizo 1,147 zi katika nchi yetu. Vipande vyake ni vya chuma, kila kimoja urefu wa mita 18, yaani kama madarasa mawili yaliyopangwa kichwa kwa mguu. Vilianza kushushwa bandarini Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2023, vikapelekwa kwanza Sojo katika wilaya ya Nzega ili vivikwe koti la kutunza joto, kwa sababu mafuta ya Hoima huganda kama samli yasipotiwa moto. Kutoka huko husambazwa kwa malori mpaka kwenye mkuza wa bomba, mahali pengine katikati ya vijiji ambavyo havijapata kuona gari refu kuliko basi. Basi mizigo mikubwa itapita, tupende tusipende. Neno lililobaki ni namna ya kupita kwake, na ni nani alipaye.

Katika jambo hili tunayo historia, nayo yafaa ikumbukwe, maana watu wengi hudhani kwamba mizigo mikubwa ilianza na malori.

Karibu na Lindi kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa mno wa zamani za kale, wanyama ambao hakuna mwanadamu aliyepata kuwaona hai. Hapakuwa na gari la moshi wala njia ya motokaa. Kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi ni mwendo wa siku nne kwa miguu, na mifupa yote ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Ilivikwa plasta, ikafungwa kwa mianzi. Ule uliomshinda mtu mmoja ulitiwa mtini, ukachukuliwa na watu wengi kwa pamoja. Jumla yake ilizidi tani 200. Tuliwapa watoto wa darasa la saba hesabu hii: ikiwa mzigo wa mpagazi mmoja ni kilo 30, tani 200 ni mizigo mingapi? Walipata 6,666, na masalio. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na hao watu walikuwa akina nani?" Tukamjibu kwamba twalijua jina la msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na majina mengine machache. Waliobaki ni "wapagazi".

Nchi ile ilikuwa imetoka kwenye vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Vijiji vilikuwa vimechomwa, njaa ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi, na kodi ilidaiwa hivyo hivyo. Ni kweli walilipwa ujira. Lakini mtu mwenye njaa hapatani bei; hupokea. Leo mnyama mmoja wa Tendaguru amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu wa ulimwengu wote hulipa kiingilio wamtazame. Njia ambayo alipita kwenda Lindi ilimea nyasi. Hapo ndipo tunapoanza kuuona mfano wa kalavati letu: mwenye mzigo aliandika habari za kila mfupa, kila mfupa ukapata namba yake, lakini shingo iliyouchukua haikupata namba.

Miaka michache baadaye, mwaka 1915, Waingereza walitaka mashua mbili za vita ziingie Ziwa Tanganyika. Walizipa majina ya mzaha, Mimi na Toutou, ya Kifaransa. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilichukuliwa kwa gari la moshi kutoka Cape Town mpaka Fungurume katika Kongo, na hapo reli ilipokwisha zikawekwa juu ya matela na kuvutwa kwa mashine mbili za mvuke pamoja na ng'ombe, zikapandishwa milima ya Mitumba. Safari hiyo ya kilomita zaidi ya 200, mpaka Sankisia, ilichukua mwezi mmoja na nusu, kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Septemba. Madaraja mengi yalijengwa kwa magogo, hata mashine zisizame mitoni. Sasa, mashine ya mvuke hunywa maji kuliko tembo, na wakati ule ulikuwa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya njiani waliletwa wachote maji mbali, wayachukue vichwani, ili mashine zinywe. Vitabu vimeandikwa juu ya jemadari wa safari hiyo, Spicer-Simson, na jinsi mashua zile zilivyoiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani siku moja baada ya Krismasi. Wale wanawake walirudi kwao, na kisima walichokimaliza kilikuwa kisima chao.

Wala si kila mzigo mkubwa uliacha shimo. Meli ya Wajerumani Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli mpaka Kigoma, ikaundwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924, ikaanza tena kazi mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mzigo ule uliletwa kwa ajili ya vita, lakini ulibaki. Kwa miaka mingi Liemba iliwachukua watu wa kando ya ziwa na dagaa zao na mahindi yao na wagonjwa wao. Babu yetu angesema ya Liemba kwamba ni maendeleo, tusingebishana naye. Tunabishana kwa sababu ameliita kwa jina hilo hilo jambo lililopita tu.

Turudi kwenye lori letu, maana hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kutokulijua ndiko kunakotuponza.

Watu hudhani kwamba kitu kikubwa ndicho kiharibucho njia, na kitu kidogo hakidhuru. Si hivyo. Kiharibucho njia ni uzito unaokaa juu ya kila ekseli, yaani ule mti wa chuma ushikao magurudumu ya kulia na ya kushoto. Wamarekani walilijaribu jambo hili kuanzia mwaka 1958 mpaka 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Walijenga barabara kwa ajili ya jaribio tu, wakaendesha malori juu yake kwa miaka miwili, wakipima nyufa. Waliona kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara hayaongezeki mara mbili. Hukaribia mara mbili, mara mbili tena, mara mbili tena, mara mbili tena: mara 16. Ekseli ya tani 10 ikiongezwa tani mbili tu, madhara yake huwa kama ya ekseli mbili. Ikiongezwa tani tano, huwa kama ya ekseli tano. Hesabu hii tuliifanya ubaoni, na watoto waliicheka kwanza, wakidhani tumekosea.

Sasa tuseme transfoma pamoja na tela lake ni tani 140. Ni mzigo wa kutisha. Watu huacha kazi wautazame. Lakini ikiwa tela hilo lina ekseli 14, kila ekseli yachukua tani 10 tu, kama lori la kawaida lililopakiwa kwa haki. Njia ya lami haitalia sana. Daraja lina hesabu yake nyingine, maana hubeba uzito mwingi kwa pamoja, na kwa sababu hiyo madaraja hupimwa kabla. Kumbe lori dogo la mchanga, ambalo mwenyewe amelipakia mpaka matairi yamelala, laweza kuumiza njia kuliko jitu lile lenye magurudumu mengi liendalo kwa mwendo wa mtu atembeaye.

Maana yake ni nini? Ni kwamba adui yetu si ukubwa. Adui yetu ni kujificha. Mzigo mkubwa uliopimwa, wenye kibali, upitao mchana na magari ya kusindikiza mbele na nyuma, una mtu aliyekaa chini akahesabu madaraja. Ule uingiao njia ya kijiji usiku hauna aliyehesabu kitu, ila fedha atakazoziokoa. Sheria haina upungufu. Iko sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwaka 2019. Kipimo cha juu cha gari na mzigo wake ni tani 56. Mzigo usiogawanyika, uzidio vipimo, hauna ruhusa kupita ila kwa kibali maalum. Lakini mizani imekaa kwenye njia kuu, na sheria yote hukaa pale pale ilipo mizani. Ukishuka lami mita mia mbili, umetoka katika sheria na kuingia katika huruma ya dereva.

Kwa hiyo tunasema kwamba aliyevunja kalavati letu hakulivunja kwa bahati mbaya. Alijua kwamba njia kuu ina mwenyewe, ana sare, ana daftari. Akadhani kwamba njia yetu haina mwenyewe.

Je, alikosea? Hapa, ndugu, tunapaswa kujigeukia, hata kama inauma. Dereva yule hakuwa mwenyeji. Usiku wa mvua, katika njia zinazopishana kati ya mashamba ya mahindi na mbaazi, asingeweza kuifahamu njia itokayo ng'ambo pasipo kuonyeshwa. Alionyeshwa. Kijana wetu mmoja wa pikipiki alitangulia mbele ya lori na taa yake, kutoka lami mpaka kijitoni, na kutoka kijitoni mpaka lami ya upande wa pili, akapewa shilingi elfu ishirini. Tumekwisha kumjua, naye amekwisha kukiri mbele ya wazee. Jina lake tunaliacha. Alikuwa mwanafunzi wetu. Katika watoto walioponda kokoto siku za Jumamosi, yeye alikuwa akipiga nyundo kuliko wote.

Tulipomwuliza kwa nini, alijibu maneno ambayo hatujaacha kuyafikiri. Alisema, "Mwalimu, nilijua litapita tu. Kama si mimi, angewaonyesha mwingine. Basi nikaona afadhali zile elfu ishirini zibaki kijijini." Tazameni jinsi maneno ya babu na maneno ya mjukuu yanavyofanana. Babu asema yatapita tu, basi tukaribishe. Kijana asema litapita tu, basi tuuze. Wote wawili wamekwisha kukubali kwamba hatuna la kusema juu ya kitu kipitacho mlangoni petu. Na mwenye lori hahitaji zaidi ya hayo. Hahitaji hata kutudanganya.

Tena tusijifanye watakatifu. Ni nani aanikaye mahindi juu ya lami wakati wa mavuno, hata lori likwepe na kumwendea mtu wa baiskeli? Ni nani aliyejenga kibanda cha chipsi ndani ya hifadhi ya barabara, kisha akalia alipoambiwa kisogezwe? Watoto wetu hudandia matela nyuma, na wazazi huwatazama. Mzigo mkubwa ukiharibika njiani, wako watu wazima wajao na madumu kunyonya dizeli, nao Jumapili huketi viti vya mbele. Atakaye njia yake iheshimiwe na aanze yeye kuiheshimu.

Wako watakaosema: mkiwasumbua wenye mizigo, watapita kwingine, nanyi mtabaki nyuma. Hoja hii tumeisikia hata kwa watu wasomi, nayo haina miguu. Apitaye kwa kibali hapiti kijijini kwetu hata kidogo, ila kwenye lami, na hatuna la kumdai zaidi ya taarifa na adabu. Ajifichaye, akipita kwingine, tutampoteza nani? Mnunuzi wa mahindi? Mwalimu? Daktari? Tutapoteza ngurumo ya usiku.

Na akilazimika mtu kupita njia ya vijijini kwa haki, kwa kuwa kazi yake iko huko, na atazame walivyofanya kwa jirani zetu wa Kenya, kaskazini, karibu na Ziwa Turkana. Huko ilijengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Ilitoka bandari ya Mombasa, safari ya kilomita zaidi ya elfu moja, na mapanga yake ni marefu kuliko vile vipande vya bomba tulivyovitaja. Njia ya mwisho ilikuwa ya mawe na makorongo. Basi kabla ya mitambo kupita, walitengeneza kwanza barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis mpaka mahali pa kazi. Mitambo ilipokwisha kupita, barabara ilibaki, na watu waliokuwa wakisafiri siku mbili wakapunguza safari. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema huko. Watu walikwenda mahakamani kwa ajili ya ardhi, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa utaratibu wa haki. Lakini katika hili la njia, walitengeneza kwanza, wakapita baadaye. Kwetu mtu alipita kwanza, na baadaye haikufika.

Tunataka nini, basi? Hatutaki fedha za mfukoni wala fulana zenye maandishi. Mzigo wowote uzidio kipimo ukipita katika kata yetu, ofisi iambiwe siku tatu kabla, nayo ofisi itangaze kwa mbiu, makanisani, misikitini, mnadani na shuleni, ili mwalimu ajue siku ya kuwashika watoto wa darasa la kwanza mikono. Upite mchana. Mwenye mzigo aache rehani mkononi mwa serikali, si mkononi mwa mtu, na rehani hiyo irudishwe njia ikikaguliwa na kuonekana nzima. Kwa njia zetu za udongo, ambazo tangu mwaka 2017 zimo katika uangalizi wa TARURA, tunaomba vibao vya uzito kila inapoachana na lami, na mahali penye kalavati isimamishwe miamba miwili ya chuma na mti juu yake, kwa kimo ambacho gari la wagonjwa na lori la mahindi litapita, na lobodi lenye mtambo halitapita. Kizuizi hicho hakihitaji mshahara, wala hakipokei elfu ishirini.

Haya tumeyaandika katika barua, na barua imepelekwa. Mkutano mkuu wa wananchi uliisikiliza na kuikubali, ingawa saa nzima ilipita watu wakibishana kama tumtaje mwenye lori au la. Babu yetu alikuwapo, amekaa mbele na fimbo yake. Hakusema kwamba amebadili mawazo, wala sisi hatukumwuliza. Alisema tu kwamba mti ule wa juu ya kizuizi usiwe wa mbao, maana mchwa wa Mutuka anawajua.

Kwa sasa watu huvuka kwa magogo mawili yaliyolazwa juu ya mabaki ya kalavati, na pikipiki husukumwa kwa mkono. Jumamosi ijayo, saa moja ya asubuhi, tutakutana kijitoni. Mawe yako. Mchanga uko. Nondo za zamani fundi amezinyosha, asema nusu yake zafaa. Saruji imepungua mifuko minane. Kijana wa pikipiki ameleta mmoja, ameuweka stoo ya shule, ametuomba tusimwandike katika daftari la wachangiaji.